Mionzi ya Asili Katika Udongo wa Shamba na Mboga za Jikoni

Miongoni mwa barua zilizotufikia mwezi huu imo moja ya mama mwenye bustani ya mchicha nyuma ya nyumba yake. Amesikia sokoni ya kwamba udongo wa nchi zetu una "sumu ya atomiki", na ya kwamba mboga za majani huinyonya sumu hiyo kuliko chakula kingine chochote. Anauliza iwapo imempasa kuing'oa bustani na kuwalisha watoto ugali kwa dagaa peke yake. Swali lake ni la haki, wala halina jibu la neno moja. Ndani ya uvumi ule mna punje ya ukweli, na punje hiyo yataka kupepetwa taratibu, isije ikamwagwa pamoja na makapi.

Kwanza tujue ni kitu gani kinachosemwa. Mwaka 1896 mtaalamu wa Ufaransa, Henri Becquerel, aligundua ya kuwa madini ya urani hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho, pasipo kuchomwa moto wala kuwekwa juani. Miaka miwili baadaye, Marie Curie na mumewe Pierre walipata ndani ya mawe ya urani vitu viwili vikali zaidi, wakaviita poloniamu na radiamu. Tangu hapo imejulikana ya kuwa atomu za vitu fulani hazitulii. Hupasuka zenyewe moja moja, na kila ipasukapo hutupa mionzi. Mpasuko mmoja katika sekunde moja ndio kipimo kiitwacho bekereli, kwa kumkumbuka mtaalamu yule wa kwanza.

Vitu hivi havikuletwa na mabomu wala viwanda. Vilikuwamo duniani tangu ilipoumbwa, na kwa sababu hupasuka polepole mno bado vingalipo. Urani huchukua miaka milioni 4,500 ili nusu yake iishe, na thoriamu huchukua zaidi ya hapo mara tatu. Kila kilo ya udongo wa kawaida, ukichukua wastani wa dunia nzima, ina bekereli zipatazo 35 za urani, 30 za thoriamu na 400 za potasiamu yenye mionzi. Kwa hiyo hakuna shamba lisilo na mionzi, liwe la milimani au la pwani, la tajiri au la maskini. Anayemwambia mama yule ya kuwa udongo wake una mionzi amesema kweli, lakini ni kweli ya mtu asemaye ya kuwa mto una maji. Linalofaa kuulizwa ni kiasi gani, cha aina gani, na kinapita njia ipi hata kufika mwilini.

Tuanze na hiyo potasiamu, maana ndiyo nyingi, nayo ndiyo iwatiayo watu hofu ya bure. Potasiamu ni chakula cha mmea na cha mwanadamu. Bila yake moyo hauwezi kupiga. Sehemu ndogo sana ya potasiamu yote duniani, kiasi cha atomu 1 katika kila 8,500, ni ile aina yenye mionzi. Kilo moja ya ndizi mbivu hutoa mipasuko ipatayo 110 kila sekunde, na kilo ya maharage makavu hupita 400. Mwili wa mtu mzima wenyewe, hata kama leo hajala kitu, una zaidi ya bekereli 4,000 za potasiamu hiyo. Lakini mwili una mizani yake. Hushika potasiamu unayoihitaji na nyingine huitoa kwa mkojo, kwa hiyo mtu alaye maharage kila siku hana mionzi zaidi ya yule alaye mara moja kwa juma. Mimi sioni sababu ya mtu yeyote kupunguza ndizi au maharage kwa ajili ya jambo hili.

Radiamu ni habari nyingine kabisa.

Radiamu huzaliwa na urani, na kwa tabia ni ndugu wa kalisi, ile ambayo mwili huijengea mifupa. Mzizi wa mchicha unapotafuta kalisi udongoni huikuta radiamu, na kwa kuwa zinafanana huichukua kidogo pamoja nayo. Mtu alapo mchicha huo, mwili wake nao hudanganyika vivyo hivyo na kuipeleka radiamu kwenye mifupa. Ikishafika huko haitoki upesi. Hukaa miaka mingi ikipasuka karibu na uboto wa mfupa, pale damu inapotengenezwa.

Madhara yake hayakujulikana kwa kubahatisha. Tangu mwaka 1917, viwanda kadhaa vya Marekani viliwaajiri wasichana kupaka rangi yenye radiamu kwenye nyuso za saa ili zing'ae gizani. Walifundishwa kuichonga ncha ya brashi kwa midomo yao, na kila walipoichonga walimeza rangi kidogo. Waliambiwa haina dhara. Baada ya miaka michache meno yao yalianza kung'oka, taya zikaoza, mifupa ikavunjika kwa jambo dogo, na wengine wakapatwa na saratani ya mfupa. Baadhi yao walishtaki mahakamani wakiwa wagonjwa mahututi. Sheria nyingi za kuwalinda wafanyakazi dhidi ya mionzi zina mizizi katika mateso ya wanawake hao, na kwa hakika walistahili kukumbukwa zaidi kuliko wanavyokumbukwa.

Kiasi walichomeza ni kikubwa mno kuliko kitokacho katika sahani ya mboga, na tusichanganye mambo hayo mawili. Ila somo la mifupa ni lile lile. Wataalamu wa kinga ya mionzi huhesabu ya kuwa bekereli moja ya radiamu iliyomezwa na mtu mzima ina uzito wa madhara mara 45 hivi kuliko bekereli moja ya potasiamu. Kama vile kuumwa na siafu mmoja na kuumwa na nge mmoja si sawa, ingawa kwa hesabu wote ni mmoja mmoja. Na kwa kijana wa miaka 15, ambaye mifupa yake inarefuka kwa haraka, uzito huo huwa mara tano ya ule wa mtu mzima. Mtoto mchanga humpita hata kijana. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya radiamu tunazungumza kwanza juu ya watoto, na ndiyo maana tumeona vema kuliweka jambo hili katika ukurasa wa nyumbani.

Sasa tutazame mahali ambapo udongo si wa kawaida. Jirani yetu Tanzania ana mfano ulio wazi. Katika mkoa wa Manyara, karibu na ziwa la jina hilo, kuna kilima cha Minjingu kinachochimbwa mawe ya fosfeti kwa ajili ya mbolea tangu miaka ya 1980. Mawe hayo yalifanyika zamani za kale kutokana na mifupa ya samaki na ndege na mavi ya ndege waliojazana kando ya ziwa. Fosfeti ya mifupa huivuta urani iliyomo majini na kuishika, na hivyo ndivyo mbolea njema ilivyojikuta na mgeni ndani yake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta katika kilo ya jiwe la Minjingu bekereli zipatazo 5,760 za radiamu. Mionzi ya hewani mgodini ilikuwa karibu mara 28 ya wastani wa dunia wa mionzi itokayo ardhini. Mboga za majani zilizoota hapo, za kuliwa na watu, zilikuwa na bekereli karibu 390 za radiamu kwa kilo.

Tarakimu hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito kwa mama wa nyumbani, nasi tuifanyie hesabu. Tuseme mtu mzima anakula gramu 100 za mboga hizo kila siku kwa mwaka mzima. Madhara ya mionzi mwilini hupimwa kwa milisieveti, na mtu wa kawaida duniani hupata milisieveti 2.4 kwa mwaka kutokana na asili: nyota za mbinguni, ardhi anayoikanyaga, hewa anayoivuta na chakula. Katika hizo, chakula na maji huchangia kama 0.3 tu. Mlaji wetu wa mboga za mgodini angepata milisieveti 4 kutokana na radiamu ya mboga peke yake. Hata hivyo yafaa kukumbuka ya kuwa maabara aghalabu hukausha majani kabla ya kuyapima, na jani bichi ni maji kwa sehemu tisa katika kumi. Ikiwa kipimo ni cha majani makavu, hesabu yetu hushuka hadi 0.4. Baina ya hesabu hizo mbili kuna tofauti kubwa, lakini hata ile ndogo inatosha kuonyesha ya kuwa bustani ya mboga haifai kulimwa juu ya kifusi cha mgodi wa fosfeti wala mtiririko wake wa maji. Kwa watoto haifai kabisa.

Je, mkulima aliye mbali, anayenunua mfuko wa mbolea hiyo na kuitia shambani, naye yumo hatarini? Hapa watu wengi hukosea, nasi tutakaa kidogo. Hekta moja ya shamba, kwa kina cha sentimita 20 kinacholimwa kwa jembe, ina udongo wa tani zipatazo 2,600. Udongo huo tangu hapo una radiamu yake, jumla ya bekereli milioni 91 hivi. Mkulima akitia kilo 250 za jiwe la fosfeti lenye nguvu tuliyoitaja, huongeza bekereli milioni 1.4, yaani sehemu moja na nusu katika mia. Angehitaji kutia kiasi hicho kila mwaka kwa muda wa miaka 60 na zaidi ndipo radiamu ya shamba lake ifikie mara mbili ya ile ya asili, na hata hapo angekuwa na udongo ambao watu wa mahali pengi duniani huishi juu yake siku zote. Kwa upande wa pili wa mizani iko njaa. Udongo mwekundu wenye asidi, kama ule wa magharibi ya Kenya na wa nyanda za juu za nchi zetu, una upungufu mkubwa wa fosfeti, na mawe ya Minjingu huyeyuka vizuri katika asidi hiyo na kuinua mavuno ya mahindi. Mwenye kumshawishi mkulima aache mbolea kwa hofu ya radiamu amtajie pia ni debe ngapi za mahindi atakazopoteza.

Hatari ya mfuko wa mbolea iko mahali pengine, nayo ni vumbi. Tumeona nyumba nyingi ambamo mbolea hulazwa chumbani chini ya kitanda kwa kuogopa wezi, kisha mfuko ukiisha hukung'utwa na kutiwa mahindi au unga. Desturi hizo mbili ziachwe. Mbolea ikae katika banda lenye kupitisha hewa, mwenye kuitawanya afunge kitambaa puani na kusimama upande utokako upepo, na mfuko uliokwisha usirudi jikoni kwa kazi yoyote. Haya yangekuwa mashauri mema hata kama jiwe lile lisingekuwa na mionzi.

Kuna mahali pengine katika eneo letu panapotajwa mara kwa mara. Kilima cha Mrima, katika kaunti ya Kwale pwani ya Kenya, ambacho msitu wake ni kaya ya Wadigo, kina thoriamu nyingi udongoni. Thoriamu hugandamana na udongo na mizizi haiwezi kuivuta ila kwa shida kubwa, kwa hiyo huko wasiwasi ni juu ya nyumba za udongo na mionzi ya nje kuliko juu ya mboga. Huko Katanga, nchini Kongo, uko mgodi wa Shinkolobwe uliotoa radiamu ya hospitali za Ulaya katika miaka ya 1920, na baadaye sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya mwaka 1945. Mgodi ule ulifungwa, wachimbaji wadogo wakarudi kutafuta kobalti, na mwaka 2004 serikali ikaufunga tena kwa amri. Mwaka huo huo uliporomoka na kuua watu. Mahali kama hapo mtu asilime chochote, wala asichukue mawe ya kujengea msingi wa nyumba.

Wako watakaojibu kwa mfano wa Kerala, India, ambako watu wa pwani wameishi vizazi vingi juu ya mchanga wenye thoriamu. Ni kweli. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009, uliowafuata watu karibu 70,000 kwa zaidi ya miaka kumi, haukuona saratani kuongezeka kwa ajili ya mionzi hiyo. Ni habari ya kuliwaza, lakini ilihusu hasa mionzi inayompiga mtu kutoka nje, na radiamu iliyokwisha kuingia mfupani haipimwi kwa mizani hiyo.

Turudi bustanini. Kwa udongo wa kawaida, sehemu kubwa ya mionzi inayokutwa juu ya mboga za majani haikupandia mizizini hata kidogo. Urani hasa ni mvivu: mzizi huchukua sehemu ndogo sana, na utumbo wa mtu nao huiacha karibu yote ipite. Kilichoko juu ya jani ni udongo uliorushwa na mvua pamoja na mavumbi ya hewani. Gesi iitwayo radoni hutoka ardhini, hupasuka angani, na mabaki yake, risasi na poloniamu zenye mionzi, huanguka juu ya majani mapana. Ndiyo sababu mchicha, matembele na kisamvu, au sombe kama waitavyo ndugu zetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huonyesha kipimo kikubwa kuliko mahindi au nyanya. Na ndiyo sababu dawa yake ni nyepesi: maji. Osheni majani mara mbili au tatu katika maji safi kabla ya kuyakatakata, si baada yake. Mihogo na viazi vimenywe, maana udongo huganda kwenye maganda. Kutandaza nyasi chini ya mboga huzuia matone ya mvua yasirushe matope juu ya majani. Na pale udongo ulipo na asidi, chokaa ya shamba huupa mmea kalisi ya kutosha, nao hupungukiwa na sababu ya kuichukua radiamu.

Wengine hudhani ya kuwa kuchemsha sana huua mionzi. Moto hauiui mionzi. Atomu haijui kama iko chunguni au shambani. Mama anayechemsha mchicha saa nzima na kumwaga maji yake hutoa sehemu ndogo ya madini, na pamoja nayo humwaga vitamini ambazo macho na damu ya mtoto vinazihitaji. Katika nchi ambamo watoto bado hupofuka kwa kukosa vitamini A, kuiondoa mboga ya majani sahanini kwa ajili ya radiamu ya udongo wa kawaida ni kumkimbia panya na kujitupa kwa chui.

Kwa upande wa tumbaku nasema kinyume. Majani yake yana vinyweleo vyenye utomvu ambavyo hukamata poloniamu ya hewani, na mbolea ya fosfeti huongeza nyingine. Tangu mwaka 1964 imejulikana ya kuwa poloniamu hiyo huingia pafuni pamoja na moshi. Baba anayeuliza habari ya mchicha huku sigara i mkononi ameuliza swali la pili kabla ya la kwanza. Na ile radoni yenyewe, ambayo nje hutawanywa na upepo, hujikusanya katika chumba kisicho na dirisha. Ndiyo inayotoa karibu nusu ya mionzi yote ya asili aipatayo mtu, na baada ya tumbaku ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya saratani ya pafu. Madirisha yafunguliwe kila siku.

Limebaki jambo ambalo mwandishi wa barua hakuliuliza, nalo huenda ndilo zito kuliko yote katika nyumba zetu: udongo unaoliwa makusudi. Wanawake wengi wenye mimba hula vipande vya udongo vinavyouzwa sokoni, ambavyo kwa majirani huitwa pemba. Hapa udongo haupiti kwenye mzizi wala jani, wala hauoshwi. Huingia mzima mzima, na katika kipindi ambacho mifupa ya mtoto inajengwa tumboni. Mwenye kula gramu 30 kwa siku amekula kilo 11 kwa mwaka, na muuzaji hawezi kumwambia zilichimbwa kilima kipi. Hata hivyo katika udongo wa kawaida mionzi si adui wa kwanza. Risasi ya kawaida iliyomo katika baadhi ya udongo huo huharibu ubongo wa mtoto, mayai ya minyoo huishi ndani yake, na udongo wenyewe huzuia madini ya chuma ya chakula yasifyonzwe, ilhali hamu hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu. Mama mwenye hamu ya udongo asionewe haya wala kuchekwa. Aende kliniki ya wajawazito, aieleze hamu hiyo waziwazi, apimwe damu na kupewa vidonge vya madini ya chuma.

Na mwenye shamba karibu na mgodi wa fosfeti au wa urani asikisie kwa macho wala kwa ladha, maana mionzi haina rangi wala harufu. Amwombe bwana shamba wa wilaya afikishe sampuli ya udongo, ya maji ya kisima na ya mboga zilizooshwa kwa idara inayohusika na kinga ya mionzi. Nchini Tanzania kazi hiyo ni ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Sampuli ya mboga iandikwe ilichumwa wapi na lini, na ulizeni majibu yatolewe kwa uzito wa majani mabichi au makavu, ili hesabu msiikosee.